Kuku Tuliohama Nao Kutoka Mavivi

Siku mume wangu alipouawa nilikuwa ninanyonyoa jogoo. Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Maji ya moto yalikuwa kwenye beseni, na jogoo alikuwa wa mkuu wa shule ya jirani, aliyetaka apikwe kabla ya saa sita. Jirani yangu, mama mmoja tuliyekuwa tunachota naye maji, aliingia uani bila kubisha hodi. Akasimama mbele yangu, kikwembe chake kimefungwa ovyo.

"Mama," akasema, "hapana kuuliza kintu. Ingia mu nyumba, ukae."

Nikajua. Mume wangu alikuwa ameondoka alfajiri na wanaume wawili kuvuna kakao upande wa msitu, ambako waasi walikuwa wanaua wakulima. Watu wote wa kwetu walijua maana ya kuambiwa ukae. Sikukaa. Nilimaliza kunyonyoa bawa la pili, nikachoma manyoya madogo kwa moto wa karatasi, nikanawa mikono. Ndipo nikauliza, "Iko wapi?"

"Banamuleta na pikipiki."

Walimleta amefungwa ndani ya turubai la plastiki, la aina ile tunayoanikia kakao. Tulimzika mchana huohuo. Wanawake walikaa mkekani kunizunguka wakingoja nilie ili nao waendelee na kilio chao, na mimi nilikuwa ninafikiri kwamba kuku hawajapewa maji. Ilipofika jioni nikainuka, nikaenda kuwapa. Nilisikia mmoja akisema nyuma yangu, "Huyu mwanamuke ana roho gani?" Sikumkasirikia. Mimi mwenyewe nilitaka kujua.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alifundisha miaka tisa, mshahara ukija na kutokuja, mpaka siku moja akarudi nyumbani na chaki yake mfukoni, akasema basi. Baba yake alikuwa amemwachia kipande cha ardhi nje kidogo ya Beni, kupita uwanja wa ndege wa Mavivi, na sisi tukahamia huko na binti yetu aliyekuwa bado mgongoni. Tulianza na mitetea watano.

Alikuwa na wazo moja, na alilishika kama mtu anavyoshika dini. Kuku wetu wasile kitu ambacho macho yake hayajakiona kikiota au kikitembea. Walikula mahindi yetu, mapapai yaliyoanguka, majani, na mchwa ambao aliwatega kwa chungu kilichojazwa mabua makavu na kufunikwa juu ya kichuguu. Hakununua chakula cha viwandani. Hakuwapa dawa za dukani, isipokuwa chanjo ya peste ya kuku, yaani kideri, tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi michache. Aliandika tarehe za chanjo kwa mkaa kwenye mlango wa banda, kwa mwandiko uleule wa ubaoni.

Watu wa Beni walikuwa wamechoka na mapaja ya kuku wa barafu yanayokuja kwenye makatoni. Wakaanza kutoka mitaa ya Beu na Bungulu kwa pikipiki kuja kwetu. Mmoja wao alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa Bungulu mwenye malori mawili. Alichukua kuku wazima kila Alhamisi, kwa sababu alichinja mwenyewe nyumbani kwake. Kabla ya kuwachukua aliinama akanusa midomo yao, mume wangu akicheka pembeni. "Mwalimu," alikuwa akisema, "kuku yako inanuka majani. Njo maana nakujaka."

Hayo yote yaliisha kwa siku moja. Wiki mbili baada ya mazishi nusu ya majirani walikuwa wameshahama, na mimi nikahama pia. Sikuamua. Mama mkwe alituma neno kutoka Butembo kwamba nije na mtoto, nami nikaja kama mzigo unavyokuja. Kitu pekee nilichokikatalia katakata ni kuwaacha kuku. Tuliwaweka arobaini ndani ya vikapu sita, juu ya Fuso iliyobeba mbao. Kwenye kizuizi cha kwanza askari alichungulia akasema anataka "soso moko", kuku mmoja kwa Kilingala chao. Nikampa. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, akanitazama, kwa sababu nilimpa yule mtetea aliyempenda zaidi. Sikuwa nimechagua. Nilitia mkono kikapuni tu.

Nyumba ya mama mkwe iko kwenye mteremko mkali, upande wa Butembo ambako ukungu hauondoki mpaka saa tatu. Alikuwa mjane wa miaka mingi. Alilima puaro, yale majani marefu ya jamii ya kitunguu, shu, yaani kabichi, na karoti kwenye matuta nyuma ya nyumba, na kuviuza sokoni kwa sauti ambayo watu waliitambua kabla ya kumwona. Alinipokea kwa kunishika mabega na kunitazama usoni muda mrefu.

"Ulilia?" akauliza.

"Bado, mama."

Akaniachilia. Alikuwa amelia mpaka sauti ile ya sokoni ikapasuka, na nadhani hakuelewa nilikuwa nimefanya nini na huzuni yangu. Tulikaa hivyo miezi mingi, yeye akilia bila haya akiwa anapalilia, na mimi nikipalilia tuta la pili. Nilikula nilipopewa chakula. Misa nilikwenda, nikasimama na kupiga magoti pamoja na wengine. Mtoto aliponiambia jambo la shule nilijibu, kisha sikukumbuka nimejibu nini.

Kuku walioshuka kwenye lori waliona baridi na wakaacha kutaga. Nikawatengenezea banda la mbao na majani makavu, nikawatafutia wadudu kwenye samadi ya mbuzi wa jirani, na majani ya shu yaliyooza nje. Baada ya wiki kadhaa wakaanza tena. Mayai yao yalikuwa na kiini cha rangi ya mawese. Mama mkwe alibeba machache sokoni pamoja na mboga, na hapo ndipo sista mmoja alipoyaona. Alikuwa muuguzi, msimamizi wa chumba cha watoto wenye utapiamlo kwenye zahanati ya watawa chini ya mlima. Aliuliza kuku wanakula nini, nikamweleza. Akasema nimpelekee mayai kila Jumanne na Ijumaa.

Nilipenda kwenda pale, kama neno hilo linafaa. Nilikuwa ninakaa kwenye benchi nikingoja kapu langu lirudi tupu, na mbele yangu akina mama walikuwa wanaponda mayai kwa kijiko na kuwalisha watoto waliovimba miguu. Wengi walikuwa wametoka upande wetu wa Beni. Hatukuulizana vijiji.

Halafu ikaja peste. Asubuhi moja mtetea mmoja alikuwa amepinda shingo na kuharisha kijani. Kesho yake watatu. Nikaenda nyuma ya banda, nikasimama pale, nikajaribu kukumbuka ni lini niliwapa chanjo kwa mara ya mwisho. Sikuwahi. Tangu tulipotoka Mavivi sikuwahi hata kuifikiria. Tarehe zilikuwa zimebaki kwenye mlango wa banda la kule, na mwenye kuziandika hayupo, na mimi sikuwa nimeweka hata mstari mmoja. Katika siku nne walikufa kumi na mmoja. Niliwachoma kwenye shimo. Nilijua kwamba ni kosa langu, nilijua vizuri kabisa, jinsi mtu anavyojua jina la mto, bila kusikia maumivu popote.

Siku ya tano nilikuta maji ya kuku yana rangi ya manjano. Nilichovya kidole nikaonja. Uchungu. Chini ya debe kulikuwa na ganda la kapsuli ambalo halijayeyuka, nusu jekundu, nusu njano, zile zinazouzwa kwa watu kwenye kila kiduka.

Mama mkwe alikuwa jikoni akichambua maharage.

"Mama," nikamwambia, "uliweka dawa mu maji ya kuku?"

Hakuinua macho. "Niliweka. Juzi na jana na leo."

"Mwalimu alikatazaka. Na hii ugonjwa haiponeshwe na ile dawa."

"Mwalimu hayuko," akasema. Kisha akainua macho. "Miye nilizika mutoto. Kuku zake nazo nizizike zote, nikikaa tu naangalia? Hapana. Weye unaweza kuangalia. Miye siwezi."

Nilimwaga yale maji, nikasugua debe kwa majivu. Ilikuwa Jumanne, na mayai yalikuwa yameshapangwa kapuni: ya jana, ya juzi, na ya asubuhi ile. Yalionekana kama mayai mengine yoyote. Nikalichukua kapu, nikashuka mlima.

Watu baadaye walisema nilikuwa na ujasiri. Haukuwa ujasiri. Ili udanganye ni lazima uogope kupoteza kitu, na mimi nilikuwa nimechoka sana kuogopa. Sista alinyoosha mkono kulipokea kapu, nikalirudisha nyuma.

"Sista, haya mayai hapana kupatia batoto. Kuku zilikunywa dawa."

"Dawa gani?"

Nikamwonyesha lile ganda. Nilikuwa nimelifunga kwenye ncha ya kikwembe. Akalipokea, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani aliweka?"

"Miye."

Alinitazama. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye mikono mikubwa ya mkulima. "Dawa inabaki ndani ya yai," akasema. "Kwa watoto hawa ni mbaya, huharibu hata meno. Uache zamu sita, wiki tatu nzima. Kisha uje nione." Akafikiri kidogo. "Wengi wananiletea. Hakuna aliyewahi kuniambia."

Nikapanda tena na kapu lililojaa. Njiani wanawake wawili waliuliza kama ninauza, nikawaambia hapana, nikawaambia na sababu. Kufikia jioni soko zima lilijua kwamba mkwe wa mama wa puaro ametia dawa kwenye kuku wake na sasa anakataa kuuza mayai yake mwenyewe. Wengine walicheka. Mwenye meza ya karanga karibu na mama mkwe alimpa pole kwa kupewa mkwe asiye na akili.

Mama mkwe alirudi akiwa amebeba karai kichwani na hasira usoni. Lakini alipofika mlangoni hakupiga kelele. Alilitua karai taratibu.

"Banasema ulisema ni weye uliweka."

"Ndiyo."

"Juu ya nini?"

Nilifikiri. "Nilisahau chanjo. Kama hapana kusahau, hungeweka."

Alikaa kwenye kizingiti. Akamwita mjukuu wake, akamtuma achemshe yale mayai. Nikasema tuyazike, akasema chakula hakizikwi, yeye ni mzee, dawa itamkuta meno yameshang'oka. Mtoto akayaleta kwenye sufuria. Mama mkwe akaanza kumenya na kula, moja baada ya jingine, bila chumvi, akitazama mteremko. Alipofika la nne alianza kusimulia. Alisema mwanawe akiwa mdogo alikataa kula kifaranga ambaye alikuwa amemlea, akalala njaa siku mbili, na baba yake akampiga, na bado hakula. Alisema tangu hapo nyumba hii haikuchinja kuku mpaka mtoto yule apelekwe kwanza kwa shangazi yake. Miaka kumi na mitatu ya ndoa sikuwa nimeisikia hadithi hiyo. Alikula mayai sita. La saba akaliweka mkononi mwangu, la moto, nikalishika mpaka likapoa.

"Kuku zake nilitaka zibaki," akasema. "Njo vile tu."

Kesho yake alivaa nguo zake za misa, akashuka mlima mwenyewe kwa magoti yake mabovu. Sista alinieleza baadaye. Alisimama mlangoni pa chumba cha watoto, mbele ya akina mama wote, akasema kwa ile sauti ya sokoni: "Dawa niliweka miye. Mutoto yangu mwanamuke hana kosa." Alisema "mutoto yangu", hakusema mkwe.

Wengine watano walikufa wiki ile, na waliosalia walikuwa ishirini na tatu. Niliwapata wachanjaji wa kata, nikashika kila kichwa kwa mikono yangu, tone moja, jicho moja. Wiki tatu zikapita. Sista alinunua tena. Mayai ya wiki zile tulikuwa tumeyachimbia chini ya migomba.

Baada ya muda, mchana mmoja wa mvua, mwanamume alipanda njia yetu akishikilia kofia yake nyeupe isipeperuke. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope jekundu. Nilimtambua alipoinama bandani kunusa.

"Ni zenyewe," akasema yule mfanyabiashara wa Bungulu.

Alikuwa amekuja Butembo kupakia bidhaa, akasikia sokoni watu wakimcheka mwanamke mmoja aliyekataa kuuza mayai yake. "Nikauliza, huyo mama alitoka wapi? Banasema ku Beni. Nikasema, basi ni muke ya mwalimu. Nani mwingine?" Kisha akavua kofia, akampa mama mkwe pole kwa mikono miwili, akanipa na mimi. Alisema alifika Mavivi Alhamisi ya kwanza baada ya sisi kuhama, akakuta ua mtupu na mlango wa banda unapigwa na upepo. Alisema alisimama pale kama mjinga.

Binti yake alikuwa anaolewa. Alitaka majogoo sita kutoka kwangu, wazima, na alitaka nije nao. "Lori yangu inakwenda kesho asubui. Utarudi kesho kutwa. Bibi yangu anataka kukuona."

Sikutaka kwenda. Mama mkwe akasema nenda. Nikaenda, kwa njia ileile niliyohamia. Kwenye mteremko wa Kabasha tukashuka ndani ya wingu, kisha joto likaanza, na harufu ya mawese na ya kakao inayokaushwa kando ya barabara. Mwili wangu uliijua. Nilijiangalia kama ninavyomwangalia mgonjwa, nikingoja kitu kitokee. Hakikutokea.

Kule Bungulu nyumba ilikuwa imejaa wanawake, sufuria kubwa na watoto waliovaa nguo mpya. Mke wa mfanyabiashara alitoka jikoni akipangusa mikono. Hatukuwahi kuonana; kwa miaka yote mitano mume wake ndiye aliyekuja. Aliwatazama majogoo, akanitazama.

"Ni weye," akasema. "Miye nilikuwaka napika kuku ya bwana yako kila Alhamisi. Ile siku bwana yangu alirudi na kikapu mutupu."

Akaanza kulia. Alilia kweli, mabega yakitikisika, katika nyumba ya arusi ya binti yake, kwa ajili ya mwalimu ambaye hakuwahi kumwona. Nilisimama na kikapu mkononi. Kisha nikakiweka chini, nikamshika, kwa sababu mtu anayelia hushikwa, na nikasikia shavu lake la moto likilowesha bega langu. Nilikaa hivyo mpaka alipomaliza. Akaniuliza kama nimekula.

Asubuhi yake nilimwomba dereva anipitishe Mavivi. Yule mfanyabiashara alikataa kwanza, akasema hakuna cha kuona, halafu akaja mwenyewe, akakaa kati yetu kwenye lori. Tulisimama barabarani. Kwetu kulikuwa kumeota majani kupita kimo cha mtu. Paa la nyumba lilikuwa limechukuliwa, na banda pia, hata mlango. Familia moja iliyokimbia kutoka kaskazini zaidi ilikuwa imepanda muhogo pale tulipokuwa tunatega mchwa. Mwanamke wa pale alitusalimia kwa Kinande, akaanza kujieleza kwa haraka, kwamba walikuta patupu, kwamba wataondoka wenye mahali wakirudi. Nikamwambia wabaki. Akasema "wasingya", asante, mara tatu. Nikamwuliza kama wana kuku. Hawakuwa nao.

Niliporudi Butembo nilipanga na yule mfanyabiashara: kila wiki ya pili lori lake linachukua kikapu cha kuku. Mwezi uliofuata, kikapu cha kwanza kilikuwa na mitetea wanne ndani ya mfuko tofauti, wa kushushwa Mavivi kwa yule mama. Nilimwagiza dereva amwambie chanjo ni muhimu, na tone ni kwenye jicho. Dereva aliniambia yule mama alidhani ni makosa, akakataa kuwapokea mpaka alipoambiwa wametoka kwa nani.

Sasa tuna kuku zaidi ya sitini. Mama mkwe magoti yamemshinda, haendi tena sokoni. Anakaa uani na kuwafukuza kuku kwenye puaro kwa maneno makali. Binti yangu ndiye anayeandika tarehe za chanjo, kwenye daftari lake la hesabu la mwaka jana, na huniuliza kwanza kabla ya kuandika. Mimi huamka, hutoa maji, hutawanya mahindi. Mtu akiniuliza hali yangu huwa ninasema niko muzima. Ijumaa hii sista ameagiza mayai mengi kuliko kawaida, kwa sababu wamepokea watoto wapya, na tangu jana ninahesabu kama yatatosha.